Nusumaisha ya Urani: Istilahi na Usalama wa Mabaki ya Mgodi

Kila atomi ya urani ina protoni 92 katika kiini chake. Kinachotofautisha isotopu zake ni idadi ya nyutroni. Urani inayochimbwa ardhini ina isotopu tatu: urani-238, takriban asilimia 99.3, urani-235, asilimia 0.7, na kiasi kidogo mno cha urani-234. Kikemia hazitofautiani kwa kiasi cha kutajika. Tofauti yao kubwa imo katika unururifu, yaani tabia ya kiini kisicho thabiti kuvunjika chenyewe na kutoa mionzi. Nusumaisha ya urani-238 ni miaka bilioni 4.5 hivi, ya urani-235 ni miaka milioni 704.

Istilahi hiyo, nusumaisha, yataka uangalifu. Asiye mwanasayansi akiambiwa kwamba nusu ya maisha ni siku nne, hatakosa sababu ya kuhesabu kuwa maisha yote ni siku nane. Sivyo. Nusumaisha ni muda ambao nusu ya atomi zilizopo huvunjika. Muda kama huo ukipita tena, huvunjika nusu ya zilizosalia. Baada ya vipindi viwili hubaki robo, baada ya vitatu thumuni (ile ya mirathi, si sarafu ya senti 50).

Suala hili linawagusa wakazi wa Namtumbo, mkoani Ruvuma, kwenye hazina ya urani ya Mto Mkuju, na wa Katanga, ambako mgodi wa Shinkolobwe ulitoa urani ya mabomu ya kwanza ya atomiki ya Marekani. Urani-238 huvunjika hatua kwa hatua hadi kuwa risasi-206 iliyo thabiti. Njiani huzaliwa thoriamu-230, yenye nusumaisha ya miaka 75,000 hivi. Kutokana nayo radiamu-226, miaka 1,600. Kisha radoni-222, gesi ya siku 3.8 ambayo ikivutwa kwa wingi huweza kusababisha saratani ya mapafu.

Kiwandani urani huondolewa, lakini thoriamu na radiamu kwa sehemu kubwa hubaki katika tope la mabaki. Radoni iliyofungwa chupani hupungua upesi. Ile ya topeni huzalishwa upya kila siku. Kwa hiyo taarifa ya Kiswahili inayotaja siku 3.8 pekee ni sahihi kimaabara na inapotosha kijijini. Taarifa ya tathmini ya mazingira itaje isotopu mama pamoja na kiasi kitakachosalia baada ya miaka 100 na 1,000.