Herufi Chache Zigeuzazo Neno la Kiingereza

Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hapa Tanzania, aingiapo sekondari hukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Hapo hukwazwa na jambo dogo: herufi mbili tatu zinazotangulia neno na kuligeuza maana. Asipoziangalia, atajibu ndiyo mahali pa hapana. Basi tuzitazame.

Ya kwanza ni un-, ambayo ni ya asili katika Kiingereza. Happy ni mwenye furaha. Unhappy ni asiye na furaha. Lakini ikitangulia kitendo, mara nyingi haikanushi, bali hutangua kilichofanyika. Fold ni kunja, unfold ni kunjua. Tie ni funga, untie ni fungua. Load ni pakia, unload ni pakua. Mtoto wa Kiswahili hana haja ya kuogopa, kwa maana lugha yake yafanya vivyo hivyo mwishoni mwa neno.

Ya pili ni in-, iliyotoka katika Kilatini. Hii hubadilika kufuata herufi inayoipokea. Mbele ya p, b na m huwa im-, kama impossible, yaani isiyowezekana. Mbele ya l huwa il-, kama illegal, kinyume cha sheria. Mbele ya r huwa ir-, kama irregular, isiyo ya kawaida. Sababu ni wepesi wa kutamka. Hata sisi husema nguo ndefu, lakini nguo mbaya. Ile n imekuwa m mbele ya b. Wenye binti aitwaye Immaculata wanayo im- hiyo nyumbani: macula kwa Kilatini ni doa, basi jina lake ni asiye na doa.

Ya tatu ni dis-. Agree ni kukubaliana, disagree ni kutokubaliana. Ya nne ni mis-, nayo haisemi kwamba jambo halikufanyika, bali limefanyika vibaya. Aliye-misread barua hakuacha kuisoma, aliisoma akakosea.

Sasa jihadharini, maana si kila neno lenye in- ni kinyume cha neno lisilo nayo. Barua ikimwita mtumishi invaluable, haikumtukana kuwa hana thamani. Yasema thamani yake haina kipimo. Ya hatari zaidi ni inflammable, neno linaloandikwa penye petroli na vitu kama hivyo. Anayekisia atadhani maana yake ni kisichoshika moto, kumbe ni kinachoshika moto upesi! Limetoka katika neno la Kilatini la kuwasha moto. Kwa sababu ya hatari hiyo, katika miaka ya 1920 chama cha Marekani kiitwacho National Fire Protection Association kilihimiza watu waandike flammable badala yake. Maneno yote mawili yana maana moja, na yote mawili bado yanaonekana. Ukiliona mojawapo, weka kibatari mbali.

Shauri letu ni hili. Mtoto asijifunze neno peke yake, bali pamoja na kinyume chake, mawili mawili katika daftari. Tena asibuni herufi za kutanguliza, atazame kamusi. Mtu asiye na haki ni unjust, lakini ukosefu wa haki ni injustice. Maneno matano kila jioni yatosha.