Molière

Jean-Baptiste Poquelin, anayejulikana zaidi kwa jina la jukwaani Molière (alibatizwa Paris, 15 Januari 1622, alifariki Paris, 17 Februari 1673), alikuwa mwigizaji, mwandishi wa tamthilia na kiongozi wa kundi la maigizo nchini Ufaransa. Anahesabiwa kati ya waandishi wakuu wa tamthilia za kuchekesha (komedia) katika historia ya Ulaya.

Maisha ya awali

Baba yake, Jean Poquelin, alikuwa fundi na mfanyabiashara wa mapazia na samani. Mwaka 1631 alinunua cheo cha kuhudumia samani za mfalme. Mama yake, Marie Cressé, alifariki mwaka 1632.

Kijana huyo alitarajiwa kurithi cheo cha baba yake, lakini mwaka 1643 alikiacha na kuchagua uigizaji. Uamuzi huo haukuwa mdogo. Wakati ule Kanisa katika jimbo la Paris liliwanyima waigizaji sakramenti na mazishi ya Kikristo, isipokuwa waikane kazi yao.

Kundi la maigizo

Tarehe 30 Juni 1643 alianzisha kundi la Illustre Théâtre pamoja na mwigizaji Madeleine Béjart na wenzao. Mwaka uliofuata alianza kutumia jina la Molière. Kundi lilikosa watazamaji wa kutosha, na mwaka 1645 yeye mwenyewe alifungwa kwa sababu ya madeni.

Baada ya hapo waliondoka Paris na kuzunguka mikoani kwa takriban miaka 13, hasa kusini mwa Ufaransa. Huko Molière alijifunza uongozi wa kundi na kuanza kuandika.

Tarehe 24 Oktoba 1658 waliigiza mbele ya mfalme Louis XIV katika jumba la Louvre. Tamthilia yao ya huzuni haikuvutia sana, lakini mchezo mfupi wa kuchekesha ulioifuata ulimpendeza mfalme, akawapa ukumbi mjini Paris. Kuanzia mwaka 1661 walitumia ukumbi wa Palais-Royal.

Mwaka 1662 alimwoa Armande Béjart, mwigizaji wa kundi lake. Kati ya watoto wao watatu, ni binti mmoja tu, Esprit-Madeleine, aliyeishi hadi utu uzima.

Ugomvi wa Tartuffe

Mwezi Mei 1664 aliigiza Tartuffe huko Versailles. Tamthilia hiyo inahusu mtu anayejifanya mcha Mungu ili ajipatie mali ya mwenyeji wake. Watu wa dini walilalamika, na mfalme akapiga marufuku kuionyesha hadharani. Mwaka 1667 Molière aliirudisha ikiwa na jina jingine, ikakatazwa tena baada ya onyesho moja, na askofu mkuu wa Paris akatishia kuwatenga na Kanisa watakaoitazama au kuisoma. Iliruhusiwa hatimaye tarehe 5 Februari 1669, na watu wengi walifurika kuiona.

Kifo na mazishi

Molière alikuwa mgonjwa wa kifua kwa miaka kadhaa. Tarehe 17 Februari 1673 alikuwa akiigiza katika onyesho la nne la Le Malade imaginaire, nafasi ya mtu mzima wa afya anayejidhania mgonjwa, alipozidiwa jukwaani. Alimaliza onyesho, akapelekwa nyumbani na kufariki usiku huohuo kabla ya padri kufika.

Kwa kuwa hakuwahi kuikana kazi yake, paroko wa Saint-Eustache, parokia alikobatizwa, alikataa kumzika. Armande alimwandikia askofu mkuu na kumwomba mfalme aingilie kati. Askofu mkuu alikubali, kwa sharti kwamba mazishi yafanyike usiku bila fahari. Alizikwa tarehe 21 Februari katika makaburi ya Saint-Joseph. Mwaka 1817 masalia yanayodhaniwa kuwa yake yalihamishiwa makaburi ya Père-Lachaise.

Tamthilia zake

Baadhi ya tamthilia zake mashuhuri ni:

- Les Précieuses ridicules (1659)
- L'École des femmes (1662)
- Dom Juan (1665)
- Le Misanthrope (1666)
- L'Avare (1668)
- Le Bourgeois gentilhomme (1670)
- Les Femmes savantes (1672)

Mwaka 1680 kundi lililotokana na lake liliunganishwa na kundi jingine kwa amri ya mfalme, ikaundwa Comédie-Française, ambayo ipo hadi leo. Wafaransa wenyewe huita Kifaransa "lugha ya Molière". Kwa Kiswahili, Le Bourgeois gentilhomme ilitafsiriwa kwa jina la Mchuuzi Mwungwana, na Tartuffe kwa jina la Mnafiki.