Amplifaya Kuukuu na Bei Isiyoandikwa

Katika miji ya Homa Bay, Oyugis, Rongo na Migori, ambako matanga, mikutano ya injili na ngoma za ohangla ni nadra kufanyika pasipo vyombo vya sauti, spika na amplifaya ni rasilimali ya mtu, na kwa sababu hiyo mwenye vyombo kuukuu hupenda kuvipeleka kwa muuzaji, akaongeza fedha, akachukua vilivyo bora. Ugomvi mwingi wa biashara hii, kwa rai yangu, hautokani na hiana. Hutokana na kuwa mauzo mawili hufungwa kwa neno moja, na bei ya chombo cha zamani haiandikwi popote.

Tuseme muuzaji adai shilingi 60,000 kwa amplifaya yake, na ile yako aithamini kwa 15,000. Walipa 45,000, na stakabadhi yataja 45,000 tu. Iwapo mwenye fedha taslimu angeuziwa amplifaya hiyo hiyo kwa 50,000, basi yako kwa hakika imehesabiwa 5,000. Siku ya mapatano hakuna anayeona dhara, bali dhara hudhihiri pale mtambo uungupo usiku wa matanga, na muuzaji, ambaye chombo chako amekwisha kukiuza Mbita, akawa tayari kurejesha zile 45,000 peke yake. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 imeliona jambo hili: mteja akiyavunja mapatano kihalali, muuzaji hana budi kurudisha kile alichopokea, kikiwa katika hali ile ile, ama kulipa thamani yake, nayo ni iliyo kubwa kati ya bei waliyopatana na bei ya soko. Lakini bei waliyopatana itathibitishwaje, ikiwa haikuandikwa?

Kuhusu ubora, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, humtaka mfanyabiashara wa bidhaa za namna fulani auze kitu kifaacho kuuzwa, ila mnunuzi aliyekikagua hana hoja juu ya kasoro ambayo ukaguzi ule ungalipaswa kuifichua. Hapa ndipo watu wengi hujidhulumu. Spika ya omu 8, koili yake ikiwa nzima, husoma karibu omu 6 kwenye mita; isiyosoma kitu imekatika, na jambo hilo hujulikana papo hapo dukani. Kasoro ya joto ni nyingine kabisa, kwani amplifaya huweza kulia vyema dakika kumi kisha ikazima baada ya saa mbili za mzigo, na hiyo haifichuliwi kwa kusikiliza wimbo mmoja. Kwa hiyo ni haki, wala si ubishi, kuomba muda wa kuijaribu na muda huo uandikwe.

Ahadi ya muuzaji kuwa atakinunua tena chombo chake yahitaji uangalifu zaidi. Wazee wa Unguja na Pemba waliouza mashamba yao ya mikarafuu kwa bei ya khiyari, wakibakiza haki ya kuyakomboa, walijua kuwa mapatano ya namna hiyo husimama juu ya muda na kiasi cha fedha. Anayeambiwa “utarudisha wakati wowote” hakupewa muda wala kiasi.

Mzozo usiozidi shilingi 1,000,000 waweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambako mdai aweza kujisemea mwenyewe bila wakili na shauri hutakiwa kumalizika ndani ya siku 60. Aende na stakabadhi yenye bei zote mbili, namba za mitambo yote miwili, na jina la aliyeupokea ule wa zamani.