Je, Wajua? Sekunde 18 za Mgonjwa wa Saratani

Je, wajua kuwa saratani na kansa ni mnyama mmoja? Saratani ni neno la Kiarabu, kansa lina asili ya Kilatini, na yote mawili maana yake ni kaa. Wagiriki wa kale waliona mishipa ya uvimbe imetawanyika kama miguu ya kaa, jina likabaki.

Je, wajua kuwa zamani madaktari wengi hawakuwa wakilitamka jina hilo mbele ya mgonjwa? Mwaka 1961, madaktari wa hospitali moja ya Chicago waliulizwa, takriban 90% wakasema hupendelea kutomwambia. Mwaka 1979 utafiti kama huo ulichapishwa Marekani: 97% wakasema hupendelea kumwambia.

Kumwambia ni jambo moja, kumsikiliza ni jingine. Mwaka 1984, Howard Beckman na Richard Frankel walichunguza mazungumzo ya vyumba vya madaktari, wakakuta kwamba kwa wastani daktari humkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18. Sasa mfikirie mama kutoka Lizaboni, hapa Songea, barua yake ya kliniki ameifunga kwenye pindo la khanga. Daktari kijana ameshampa shikamoo, naye ameitikia marahaba, ameulizwa habari za nyumbani. Anaanza: "Mwanangu, wakati wa kuvuna..." Muda umekwisha. Damu iliyomleta hajaitaja, na mbele ya kijana wa rika la mwanawe hataitaja mpaka apewe nafasi.

Je, wajua kuwa neno "chanya" linaweza kumpoteza mgonjwa? Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Katika njia moja ya kuichunguza, muuguzi hupaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi, na panapogeuka peupe jibu huitwa chanya. Mtaani chanya ni jambo jema. Mwingine naye akilisikia kliniki anajua ndiyo kifo. Wote wamekosea. Mhudumu aliyefundishwa husema hivi: "Mama, tumeona doa jeupe. Doa lenyewe si saratani, ila tukiliacha linaweza kuja kuwa saratani. Linatibika." Maneno hayo hayamalizi hata sekunde 18.

Je, wajua kuwa miaka mingi kazini haitoshi kumfundisha daktari kuzungumza? Nchini Uingereza, Lesley Fallowfield na wenzake walifanya jaribio kwa madaktari 160 wa saratani kutoka vituo 34, matokeo yakatoka mwaka 2002. Waliopata kozi ya siku tatu waliuliza maswali bora na kuonyesha huruma zaidi. Walijitazama kwenye video na kufanya mazoezi na watu walioigiza wagonjwa. Yaani ni ufundi wa kujifunza, kama kushona kidonda.

Je, wajua hatua sita za kutoa habari nzito? Walter Baile, Robert Buckman na wenzao walizichapisha mwaka 2000. Tafuta mahali pa faragha, mkae. Uliza mgonjwa anajua nini. Uliza anataka kujua kiasi gani. Mwambie kwa maneno mepesi, kidogo kidogo. Akilia, usikimbilie vidonge, kaa naye. Kisha pangeni pamoja kinachofuata. Kwetu hatua ya tatu ndiyo ngumu, maana mara nyingi ndugu humvuta daktari koridoni na mwenye mwili akabaki kitandani hajui kitu. Swali moja hutosha: "Baba, ungependa nani awepo tukizungumza?"

Je, wajua kwa nini Songea inayahitaji mafunzo haya kuliko miji mingi? Mgonjwa anayepelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilomita 900 kwa basi, kupitia Njombe na Iringa. Mionzi mara nyingi hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Asipoelezwa hayo mapema, anapanda basi na nauli ya kwenda tu, akidhani atarudi Jumapili. Mafunzo yenyewe hayadai mashine. Viti viwili, mlango unaofungwa na mwenzako wa kuigiza mgonjwa vinapatikana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, vinapatikana pia Hospitali ya Peramiho.

Nawe msomaji, ukimsindikiza mgonjwa, kabla hamjanyanyuka sema: "Daktari, naomba nirudie nilivyoelewa."