Kombe na Bamvua

Mkulima wa Kibomet, kule Kitale, husubiri mvua. Mama wa Chwaka, mashariki ya Unguja, husubiri mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bamvua huingia, na kwenye saa nne asubuhi maji huwa yamepwa mbali, majani ya bahari yamelala juani. Hapo kinamama na watoto huteremka pwani kuchokoa, majirani kwa majirani, ndoo mkononi na kisu kikuukuu.

Kombe haonekani kirahisi. Amejizika kati ya majani, nyuzi zake zimeshika kokoto na mizizi, na juu ya mchanga hubaki mwanya mwembamba ambao hufumba kivuli kikipita. Bibi humtafuta kwa unyayo kabla ya jicho: akikanyaga kitu kigumu chenye mifereji, huinama. Wajukuu hujifunza kwa kumfuata nyuma. Nyumbani kombe huchemshwa mpaka wafunuke, nyama huoshwa mchanga mara kadhaa, kisha hutiwa tui la nazi na ndimu.

Kinamama hawa wanajua kwa nini huenda majanini badala ya mchanga mtupu. Majani hupunguza kasi ya maji, na chembe za chakula zikatua. Kombe huvuta maji hayo na kuyachuja kwa mashavu yake, hanenepi kwa kingine. Mizizi hushika mchanga, na wadogo hujificha kaa wasiwaone. Juya likiburutwa hapo na kung'oa majani, kombe nao hupungua.

Ujuzi huu haupewi heshima yake, na hilo linaniuma. Takwimu za uvuvi huandikwa dikoni, vyombo vikifika. Ndoo ya mama hupita uchochoroni hadi jikoni, na aliyelisha nyumba haingii daftarini.

Ndiyo maana nayaenzi yaliyofanyika upande wa pili wa kisiwa, katika Ghuba ya Menai, iliyotangazwa eneo la hifadhi mwaka 1997. Miaka ya 2000, wanakijiji wa rasi ya Fumba, wakishirikiana na watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar, walifunga sehemu ndogo za pwani ili kombe na chaza wakue na kuzaana. Zilizofungwa zilikuwa sehemu za kuchokolea za kinamama wenyewe, na muda wote wa kusubiri, kitoweo kilichokosekana kilikuwa chao.