Mzigo na Mgongo Wako

Ndugu msomaji, nataka kukuambia habari ya kosa langu mwenyewe. Nilikuwa muuguzi kijana, mwenye nguvu na majivuno. Usiku mmoja ilipasa kumhamisha mgonjwa mzito toka kitanda kimoja mpaka kingine. Mwenzangu alikuwa katika chumba cha pili. Kama ningemwita angekuja mara moja. Lakini nilisema moyoni, "Nitaweza." Nikainama, nikanyosha mikono, nikamwinua huku nikigeuka. Ndipo nikasikia maumivu kama kisu katika kiuno. Kwa siku nyingi sikuweza kusimama wima.

Tangu siku ile nawafundisha watu neno hili, maana wengi wanakuja kwetu na maumivu yale yale: mpagazi wa soko, mwashi, mkulima, na zaidi ya wote mama anayetoka shambani.

Kwa nini mgongo unaumia?

Mgongo si mfupa mmoja. Ni mifupa mingi iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Katikati yake kuna vitu kama mito midogo, na yote inashikwa na kano na nyama. Ukiuinua mzigo ukiwa mbali na mwili wako, nyama za kiuno zinavutwa sana, nazo zaweza kuchanika.

Jaribu mwenyewe. Twaa bidoni ya litri 5 yenye maji, uishike karibu na tumbo. Sasa nyosha mikono mbele. Maji hayakuongezeka, lakini baada ya kitambo kidogo mikono inatetemeka. Ni vivyo hivyo kwa mgongo.

Namna ya kuinua

1. Kwanza sukuma mzigo kidogo upate kujua uzito wake. Tazama na njia: je, kuna matope au mawe ya kukukwaza?
2. Simama karibu nao, miguu ikiachana kidogo.
3. Kunja magoti, usiiname kwa kiuno tu.
4. Ukumbatie mzigo karibu na tumbo, kisha uinuke polepole kwa nguvu za miguu.
5. Ukitaka kugeuka, geuza miguu. Usipinde kiuno.
6. Uutue kwa njia ile ile.

Kama ni mzito, ugawanye. Bidoni ya litri 20 ni kilo 20 za maji. Bidoni mbili za litri 10, moja kila mkono, ni afadhali kwa mgongo. Mfuko wa simenti ni kilo 50: ubebwe na watu wawili, au uwekwe juu ya kigari. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kuita mwenzako si haya.

Neno kwa waume

Katika Kivu mama wengi wanabeba mihogo, kuni na makala mgongoni, kwa kamba inayopita juu ya paji la uso. Shingo na kiuno vinateswa pamoja. Na mara nyingi mume anatangulia njiani, mkononi ana fimbo tu! Ndugu, je, hii ni heshima? Chukua sehemu ya mzigo. Mke wako akiwa na mimba, uchukue wote. Nawe mama, kamba yako iwe pana. Pumzika mahali penye ukingo ulioinuka, upate kuegemeza mzigo bila kuutua chini. Tena usiinuke nao peke yako, mwingine akusaidie.

Ukiwa umeumia

Mguu ukiteguka, uinue juu ya mto, uweke kitambaa chenye maji baridi, ufunge bendeji isiyokaza mno. Siku za kwanza usikubali mtu aukande kwa nguvu au kuuvuta. Usichanjwe kwa wembe, maana kwa jeraha lile pepopunda yaweza kuingia. Ukishindwa kabisa kuukanyagia, njoo hospitali. Labda mfupa umevunjika.

Kiuno kikiuma, acha mizigo mizito, lakini usilale kitandani siku nyingi. Tembea kidogo kila siku. Watu wengi wanapona katika majuma machache.

Lakini kama miguu inakosa nguvu, au kuna ganzi kati ya mapaja, au umeshindwa kukojoa, au mkojo unatoka wenyewe, usingoje kesho. Njoo leo. Na kama maumivu yanaendelea majuma mengi, pamoja na homa, kukonda na jasho la usiku, usiseme ni mzigo tu. Labda ni kifua kikuu kilichoingia katika mifupa ya mgongo, nacho kina dawa ya kukiponya.

Mimi niliona haya kuita mwenzangu kwa dakika moja, nikalala siku nyingi nikitumikiwa na wengine. Kesho, mbele ya gunia lako, kumbuka habari hii. Tazama kando yako, ukaite mtu.