MPIRA WA AKIBA: ULIO SAWA NA MINGINE AU ULE MWEMBAMBA?

Msimu wa karafuu unapokaribia, kila mwanachama hukagua majamvi yake, magunia yake, kamba zake na ngowe zake. Mwenye gari hutazama pia breki na ile mipira minne inayokanyaga chini. Mpira wa tano, yaani wa akiba, mara nyingi husahauliwa mpaka siku ya pancha. Nao ndio utakaoamua siku hiyo kama karafuu zitafika kituoni mchana, au zitalala njiani zinyeshewe. Yafaa basi tuueleze mpira huu, kwani siku hizi iko ya namna mbili, na si kila namna yafaa kwa kila gari.

Asili yake

Gari za mwanzo hazikuwa na mpira wa akiba. Dereva aliyepata pancha alikaa kando ya njia, akaung'oa mpira, akauziba na kuutia upepo kwa mkono. Mwaka 1904 Thomas Davies na nduguye Walter, wa mji wa Llanelli katika Wales, walitengeneza rimu ya akiba yenye mpira uliokwisha kutiwa upepo, nayo ikafungwa kwenye gurudumu lililotoboka. Duka lao lilikuwa katika mtaa uitwao Stepney, na mpaka leo huko Bara Hindi mpira wa akiba huitwa kwa jina hilo.

Kwa miaka mingi baada ya hapo mpira wa akiba ulikuwa ni mpira kamili kama mingine. Kisha watengenezaji wakataka kupunguza uzito na gharama na kuongeza nafasi ya mizigo. Ndipo ulipoenea ule mwembamba, ambao leo unakutikana katika gari nyingi ndogo zinazoletwa kwetu kutoka Japani zikiwa zimekwisha tumika.

Namna ya kuutambua

Usome ubavuni. Mpira wa kawaida huandikwa mathalan 195/65 R15. Maana yake upana wake ni milimita 195, kimo cha ubavu ni 65 kwa mia ya upana huo, na rimu yake ni ya inchi 15. Mpira mwembamba huanza kwa herufi T, mathalan T125/70 D16; herufi hiyo ni alama ya kuwa ni wa matumizi ya muda tu. Tena huandikwa kwamba usipite mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na rimu yake mara nyingi hupakwa rangi ya kung'aa au kubandikwa karatasi ya manjano ili dereva asijisahau.

Upepo wake pia ni mbali. Gari ndogo nyingi hutiwa ratili 30 mpaka 35 kwa inchi ya mraba, lakini mpira mwembamba hutaka ratili 60. Kijana wa kutia upepo asiyejua atautia 30 kama mingine, na hapo mpira utalala, utapata moto, na utaharibika kabla hujafika. Mwambie mwenyewe, wala usione haya.

Tofauti yake barabarani

Tuchukue mipira miwili tuliyoitaja. Ule wa kawaida ukizunguka mara moja gari huenda karibu mita 2. Mwembamba huenda mita 1 na sentimita 83 hivi. Kwa hivyo katika kila kilomita moja ule mwembamba huzunguka mara 46 zaidi ya mwenziwe wa upande wa pili.

Ukifungwa kwenye magurudumu yasiyovuta gari, tofauti hiyo haina madhara makubwa. Lakini ukifungwa kwenye magurudumu yanayovuta, difu hulazimika kufanya kazi bila ya kupumzika hata katika njia iliyonyooka, kama kwamba gari inakata kona safari nzima. Ndiyo maana gari inayovutwa kwa magurudumu ya mbele, ikipata pancha mbele, ni bora kutoa mpira mzima wa nyuma uje mbele, na ule mwembamba ukae nyuma. Kazi ni mara mbili, lakini usukani na breki hubaki salama, kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu ya breki iko mbele. Na gari zinazovuta kwa magurudumu yote manne zina hatari zaidi, maana mpira usiolingana waweza kuharibu mitambo inayogawa nguvu baina ya mbele na nyuma. Mwenye gari ya namna hiyo asome kwanza kitabu cha gari yake.

Jambo jingine ni kushika barabara. Mpira wenye upana wa milimita 125 hukanyaga chini kidogo tu, na meno yake ni mafupi. Juu ya lami kavu hapana neno. Juu ya udongo mwekundu uliolowa, katika kilima cha kushukia bondeni, ni jambo jingine kabisa. Na kule maweni, ambako mawe makali ya matumbawe hukata mipira ubavuni, hautakiwi mpira mwepesi.

Mzigo

Ubavuni mwa kila mpira mna nambari ya uzito unaoweza kubebwa. Nambari 85 ni kilo 515, 90 ni kilo 600, 95 ni kilo 690, na 100 ni kilo 800. Hizo ni kilo za mpira mmoja. Mwenye kuchukua magunia azitazame nambari hizi, na ahakikishe kwamba mpira wa akiba haukupungua nambari ya ile minne. Kuvuta tela kwa gari iliyofungwa mpira mwembamba hukatazwa na watengenezaji wengi.

Upi basi uchaguliwe?

Hatusemi kwamba mpira mwembamba haufai. Watengenezaji wengi husema usitumiwe zaidi ya kilomita 80 hivi, na kisiwa cha Pemba urefu wake ni kama kilomita 67. Kwa hivyo mwenye gari ndogo ya kuchukua watu wa nyumbani, anayekwenda kwa lami baina ya Mkoani, Chake Chake na Wete, mpira huo utamfikisha kwa fundi bila ya taabu, maadamu una upepo wake na yeye haendi mbio. Fedha za kununua mwingine ni afadhali azitumie kwa kubadilisha mipira minne iliyochakaa.

Lakini mwenye gari ya kuchukua karafuu, makonyo, wachumaji au kuni, na ambaye njia yake huacha lami na kuingia shamba, tunamshauri awe na mpira kamili, ulio sawa na mingine kwa kila nambari. Faida yake ni kwamba baada ya pancha kazi huendelea. Hana haja ya kusimamisha safari tatu zilizobaki ili amtafute fundi siku ile ile ya pirika.

Anayetaka kubadilisha atazame mambo matatu kabla ya kutoa fedha. Kwanza, rimu iwe na matundu ya nati yanayolingana na ya gari yake, kwa idadi na kwa nafasi. Aijaribu palepale dukani. Pili, shimo la kuwekea mpira nyuma ya gari liwe na nafasi, kwani mashimo mengine yamefanywa kwa mpira mwembamba tu. Ikiwa hauingii, aufunge imara kwa kamba au bolti, usiachwe huru nyuma ya viti. Tatu, asikubali kuvishiwa mpira wa kawaida juu ya rimu ya ule mwembamba. Rimu hiyo haikufanyiwa kazi hiyo.

Utunzaji

Wahenga walisema akiba haiozi. Mpira wa gari huoza, hata usipotumika. Tazama ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliofika miaka 6 ukaguliwe na fundi kila mwaka, na uliofika miaka 10 usitegemewe tena, hata kama meno yake ni mapya.

Kila mwezi upimwe upepo. Ule unaoning'inia chini ya gari kwa mnyororo ushushwe mara kwa mara, mnyororo utiwe mafuta, kwa sababu hewa yetu ya chumvi huushika kutu hata ukakataa kushuka siku ya haja. Jeki, spana ya nati na kipande cha ubao wa kuwekea jeki juu ya udongo laini viwe pamoja. Ikiwa mpira wako umo chini ya sakafu ya gari, vifaa hivi na mpira wenyewe vitolewe kabla ya kupakia. La sivyo, utashusha magunia yote kando ya njia, na pengine mvua nayo imekwisha kutanda.

Mwanachama anayesoma maneno haya aende leo kwenye gari yake, aufungue mpira wa akiba, asome herufi na nambari zake, na apime upepo. Ni kazi ya robo saa, na wakati wake ni sasa, kabla wachumaji hawajapanda mikarafuu.